Udi wa Kufukiza na Udi wa Kupiga: Manukato na Muziki Katika Nyumba za Pwani

Katika Kiswahili neno udi lina maana mbili. Udi wa kwanza ni vipande vya mti wenye harufu nzuri, ambavyo huwekwa juu ya makaa ya moto ili moshi wake utie manukato nyumba, nguo na nywele. Udi wa pili ni ala ya muziki yenye tumbo la mviringo, shingo fupi na nyuzi ambazo hupigwa kwa kijiti au unyoya. Kamusi huyaeleza haya mawili mbalimbali, na mwanafunzi anayasoma kana kwamba ni watu wasiojuana waliopewa jina moja kwa bahati tu. Kumbe asili yao ni moja. Neno la Kiarabu lililozaa yote mawili lina maana ya mti au kijiti.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba udi huu na ule hazikukutana katika kamusi peke yake. Katika nyumba za pwani ya Afrika Mashariki zilikaa chumba kimoja kwa muda mrefu: moshi ukifuka, wimbo unaimbwa, na wenye nyumba wanajua wimbo gani unataka moshi gani. Historia hiyo ina manufaa kwa mwalimu wa Kiswahili, hasa sisi tunaofundisha hapa Uganda, mbali na bahari. Sababu tutaifikia baadaye.

Tumesukumwa kuandika na jambo la kawaida. Siku hizi katika maduka ya Kampala vinauzwa vifaa vidogo vya umeme vinavyotoa mvuke wenye mafuta ya manukato, na pamoja navyo huja ushauri: mchaichai uendane na muziki wa kuchangamsha asubuhi, lavenda iendane na piano ya polepole wakati wa kulala. Vijana wetu huliona jambo hili kuwa jipya na la kigeni. Si jipya. Ugeni wake nao ni nusu tu.

Huko Ulaya wazo la kulinganisha harufu na sauti lina umri wa zaidi ya karne moja na nusu. Katikati ya karne ya 19 Septimus Piesse, mtengeneza manukato wa London, alizipanga harufu katika ngazi kama ya noti za muziki, nzito chini na nyepesi juu, akidai kwamba manukato mazuri ni ya kupatanishwa kama sauti zinavyopatanishwa. Mpaka leo wenye kazi hiyo huzungumza juu ya "noti" ya juu, ya kati na ya chini katika chupa ya marashi. Tarehe 30 Novemba 1902, huko New York, Sadakichi Hartmann alijaribu kuwasafirisha watazamaji hadi Japani kwa dakika kumi na sita kwa kuwapulizia harufu ukumbini kwa mapangaboi. Walimzomea akaondoka jukwaani kabla hajamaliza. Mwaka 1937 mkemia Mfaransa, René-Maurice Gattefossé, alichapisha kitabu kuhusu matibabu kwa mafuta ya mimea, na jina la kitabu hicho, Aromathérapie, ndilo likaenea duniani kama jina la fani yenyewe.

Masimulizi haya yanafurahisha, lakini yanahusu maabara, jukwaa na kitabu. Hartmann alishindwa, kwa maoni yetu, kwa sababu aliwaletea harufu watu waliokaa vitini wakisubiri kuburudishwa, na harufu ni kitu cha mahali watu wanapoishi. Pwani ya Afrika Mashariki jambo hili halikuhitaji mvumbuzi, maana lilikuwa sehemu ya kumpokea mgeni.

Ushahidi wa zamani tunao. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu kabla hajaendelea kusini hadi Mombasa na Kilwa. Anaeleza kwamba alipopelekwa kwa sultani alikaribishwa kwa tambuu na kwa marashi ya mawaridi ya Damascus, ambayo alimiminiwa yeye pamoja na kadhi aliyefuatana naye. Siku ya Ijumaa aliona sultani akitoka msikitini huku ngoma, tarumbeta na zumari zikipigwa mbele yake. Hatusemi kwamba marashi na zumari vilitumiwa kwa saa moja. Tunachosema ni kwamba karibu miaka 700 iliyopita mtu wa heshima katika pwani hii alijulikana kwa pua na kwa sikio hata kabla hajafungua kinywa.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana huko ndiko kwenye utajiri wa msamiati wetu. Katikati ya chumba kuna chetezo, chombo cha udongo au cha shaba chenye kutiwa makaa. Ubani ni utomvu uliokauka wa miti inayoota Somalia, Yemeni na Omani, na moshi wake ni mweupe na mkali kidogo. Uvumba nao ni wa jamii hiyo ya utomvu wa kufukiza. Udi ni tofauti kabisa: ni kiini cha mti wa mashariki ya mbali, kuanzia Assam hadi Indonesia, na mti huo hauna harufu ya maana mpaka uingiliwe na ukungu. Hapo ndipo unapojikinga kwa kutoa utomvu mweusi, na sehemu hiyo iliyougua ndiyo inayonunuliwa kwa fedha nyingi. Kwa kuwa udi halisi ni ghali, wanawake wa Unguja na Mombasa wana udi wa kupika: vipande vya mti hutiwa katika shira ya sukari, vikaongezwa marashi, miski na vinginevyo kwa siri ya kila mpishi, kisha vikaanikwa. Kila nyumba ina udi wake, na mjuzi akipita uchochoroni jioni anaweza kukuambia ni mlango wa nani uliofukizwa.

Moshi si peke yake. Kuna mrashi, chupa yenye shingo ndefu ya kunyunyizia marashi ya mawaridi, na maneno mrashi na marashi yanatokana na kitenzi kimoja cha Kiarabu cha kunyunyiza. Kuna kikuba, kishada kidogo cha asmini, mrihani na maua mengine kinachovaliwa na wanawake kifuani. Kuna singo, msago wa karafuu, mawaridi, langilangi na vinginevyo anaosuguliwa bibi harusi. Kuna uturi, kuna haludi, kuna dalia, kuna tibu. Mwalimu anayeandika maneno haya yote ubaoni na kuandika mbele ya kila moja "aina ya manukato" hajakosea, lakini amewanyima wanafunzi wake kitu muhimu. Kila moja lina saa yake na mahali pake. Kikuba ni cha kutokea, mrashi ni wa kumpokea mgeni au wa maulidi wakati wa kusimama, na chetezo chenye udi huwa kwa kawaida cha jioni, baada ya nyumba kufagiwa na watu kuoga.

Habari za nyumba za wakubwa zimeandikwa na mtu aliyezaliwa humo. Salme binti Said, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye akajulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Anasimulia jinsi wanawake wa jumba la kifalme walivyopenda manukato, wakiyatia katika nguo na katika matandiko. Anasimulia pia jioni ambazo jamaa walikusanyika kwa baba yao, kahawa ikazungushwa, na kinanda kikubwa cha kuzungushwa kwa mkono au visanduku vya muziki kutoka Ulaya vikafunguliwa. Pengine akaitwa mwimbaji kipofu mwenye sauti nzuri. Kitabu hicho kiliandikwa na mtu mwenye majonzi ya kuikosa nchi yake, na msomaji atagundua kwamba mambo anayoyaeleza kwa hamu zaidi ni yale ambayo picha haiwezi kuyachukua: harufu, sauti na ladha.

Hata hivyo, mwalimu wa historia hawezi kuishia kwenye zulia la jumba la kifalme. Ni vyema ikumbukwe kwamba wakati huohuo visiwa vya Unguja na Pemba vilikuwa mashamba ya karafuu, zao lililoingizwa mwanzoni mwa karne ya 19 na kustawishwa chini ya Seyyid Said kwa nguvu za watumwa waliotolewa bara, wengine kutoka kandokando ya maziwa yetu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini hali ya utumwa yenyewe haikufutwa kisheria mpaka mwaka 1897. Wanahistoria wameonyesha kwamba kabla ya hapo vazi lilikuwa alama ya daraja: mtumwa hakufunika kichwa wala hakuvaa viatu kama waungwana. Udi ulioletwa kwa jahazi ukauzwa kwa bei ya juu haukuwa wa mtu aliyechuma karafuu. Yeye alinukia karafuu mchana kutwa bila kutaka, kwa jasho na vumbi la kazi, na jioni hakuwa na chetezo. Kwa hiyo swali la nani anafukiza nyumba yake na kusikiliza nini lilikuwa swali la nani ni mtu.

Muziki ulipitia njia hiyohiyo kutoka juu kwenda chini. Neno taarabu lenyewe ni jina la hali ya moyo kabla ya kuwa jina la muziki, kwani katika Kiarabu linataja ule msisimko unaomshika msikilizaji hata akatikisa kichwa bila kujijua. Simulizi inayokubaliwa na wengi husema kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta muziki huo kutoka Misri na kumpeleka Mohamed bin Ibrahim huko kujifunza kupiga kanuni. Uliimbwa kwa Kiarabu, katika jumba, kwa watu wachache. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, cha wanaume wa mjini, na hapo udi wa kupiga ukapata nyumba nje ya jumba la sultani, ingawa bado ilikuwa nyumba ya wenye nafasi.

Aliyeuvusha daraja la Ng'ambo alikuwa mwanamke. Siti binti Saad alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na Siti mwenyewe aliuza vyungu mjini kabla hajajulikana kwa uimbaji. Wasomaji wa Shaaban Robert wanayajua haya kutoka Wasifu wa Siti Binti Saad. Sisi tunapenda kukumbusha jambo moja ambalo mara nyingi hupitwa: kazi ya mfinyanzi ndiyo hiyohiyo inayofinyanga chetezo cha udongo. Mwanamke huyu aliimba kwa Kiswahili, juu ya mahakama, fitina za mji, ulaghai na mapenzi, na watu wa Ng'ambo, wengi wao watumwa wa zamani na watoto wao, walikusanyika nyumbani kwake usiku kumsikiliza. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice. Walikuwa kati ya waimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kuingia katika santuri.

Tunalitilia mkazo jambo la santuri kwa sababu ndilo lililobadilisha chumba. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka udi wa kupiga ilimbidi awaite wapigaji, awalishe, awape nafasi. Baada ya 1928 fundi cherehani, muuza kahawa au mama mwenye kuuza maandazi aliweza kuwa na sauti ya Siti katika kona ya chumba chake, au akaenda kuisikiliza kwa jirani mwenye sahani na mashine. Na vipande vya udi wa kupika, kwa kuwa ni vidogo na vya bei nafuu, navyo viliweza kuingia chumba hichohicho. Raha iliyokuwa ya Salme katika jumba ikashuka hadi kwenye jamvi. Wala haikushuka kama makombo. Watu wa Ng'ambo waliibadili, wakaweka lugha yao ndani yake, na leo tukisema taarabu tunamaanisha ya kwao zaidi kuliko ya Barghash.

Je, watu hawa walichagua harufu kwa kufuata wimbo, au ni sisi tunaolazimisha? Kwenye starehe ya kawaida ya jioni hapakuwa na kanuni kali. Kanuni kali zilikuwa mahali pawili pengine. Pa kwanza ni harusini. Somo, au kungwi kama anavyoitwa kwingine, alimfundisha bibi harusi nyimbo na ngoma za ndani, na sambamba na hizo akamfundisha namna ya kufukiza nguo, nywele na kitanda, kipi kitangulie na kipi kifuate. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 na ambaye dunia ilimjua kwa taarabu, alijulikana kwao pia kama mpigaji wa ngoma ya unyago, yaani mwalimu wa chuo hicho. Pa pili ni katika ngoma za pepo. Humo kila kabila la pepo lina nyimbo zake, mapigo yake, rangi yake na buhuri yake ya kufukiza. Fundi akikosea moshi, wenye kuamini watakwambia, pepo hapandi hata ukiimba mpaka kuche. Viongozi wengi wa dini huzipinga ngoma hizo, nasi hatuingii katika mjadala huo. Lakini kwa mtafiti wa utamaduni ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa watu walioamini kwamba harufu fulani pamoja na sauti fulani huleta hali fulani, na kwamba mojawapo haitoshi bila mwenzake. Kwa maoni yetu huko ndiko unakopata nguvu msemo "kwa udi na uvumba", ambao wanafunzi wetu huukariri kwa ajili ya mtihani. Anayefukiza vyote viwili ana shida inayomnyima usingizi, na hataki kubakiza njia hata moja.

Tufike sasa kwenye lugha. Mswahili hasemi ananusa harufu, isipokuwa amekusudia kusogeza pua kwenye kitu ili akichunguze. Harufu inapomjia yenyewe, anasema anaisikia. Nasikia harufu ya udi; nasikia wimbo wa Siti; kitenzi ni kilekile, na mtu anaweza kuvisikia vyote viwili kwa sentensi moja bila kubadili neno. Katika insha za wanafunzi wetu tunakutana mara kwa mara na "niliponusa harufu ya chakula nyumbani", wakati mwandishi anataka kusema ilimfikia tu akiwa njiani. Hapo Kiingereza kimemwongoza vibaya, na jambo la kusikitisha ni kwamba lugha yake ya mama ingemwongoza vizuri. Mganda anasema mpulira enjala, mpulira akawoowo, akitumia kitenzi cha kusikia kwa njaa na kwa harufu. Mnyarwanda anatumia kumva kwa njia hiyohiyo. Mwalimu akianzia hapo, mwanafunzi haoni kwamba anajifunza ajabu ya watu wa pwani, anajikuta nyumbani.

Kuna na kunuka na kunukia. Kinachonuka kinachukiza, kinachonukia kinapendeza, na tofauti yao ni kiambishi kimoja cha kauli ya kutendea. Tumeona vitabu vinavyolieleza jambo hili kama mfano wa msamiati tu. Ingefaa liwe mfano wa sarufi pia: kinachonukia kinanuka kwa ajili ya mtu, kinamwelekea, kinamfaa. Harufu isiyo na mtu wa kuipokea ni uvundo. Huenda tunakwenda mbali, na wanaisimu wenzetu wana ruhusa ya kutukosoa, ila wanafunzi wakielezwa hivyo hawasahau tena.

Tuliahidi kueleza sababu ya kuyaandika haya Uganda. Kiswahili kilipoingia nchi hii kwa nguvu, kiliingia na msafara wa biashara, kisha na jeshi la wakoloni, ambamo kilikuwa lugha ya amri. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na raia wengi wakakisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini sheria haiwezi kuondoa sauti ya buti masikioni. Wapo wazazi wanaotuambia waziwazi kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Wanafunzi wetu wengi wameingia darasani wakijua kusema "simama", "toa kitambulisho" na "lete pesa" kabla hawajajua kumkaribisha mgeni. Wanajua Kiswahili cha barabarani. Kiswahili cha chumbani, cha mama anayetikisa chetezo chini ya kanga ili ipate moshi, hakuna aliyewaonyesha.

Hoja yetu kwa walimu wenzetu ni kwamba jambo hili halitatibiwa kwa hotuba juu ya umoja wa Afrika Mashariki peke yake. Mzazi aliyepigwa kwa Kiswahili hashawishiki kwa hotuba. Mtoto wake lakini anaweza kuingia ndani ya nyumba ambamo lugha hii ilitumika kubembeleza, kuomboleza, kusengenya na kufurahi, na nyumba hiyo ina harufu na ina wimbo. Wanafunzi wetu kutoka Ankole hawashangazwi na chetezo hata kidogo. Wao wanakijua ekicunga, chombo cha udongo ambamo nyasi za emburara huchomwa ili moshi uingie katika vyombo vya maziwa. Tulipowaeleza habari za kufukiza nguo, ndio waliokuwa wa kwanza kuuliza maswali ya maana: moshi unakaa siku ngapi, nani hukatazwa kuugusa, na je, kuna nyimbo za wakati huo.

Mambo yamebadilika huko pwani pia, na tusiwape wanafunzi picha ya nyumba iliyoganda. Tangu miaka ya 1990 taarabu ya kisasa ya rusha roho imehamia kwenye kumbi kubwa zenye vinanda vya umeme na vipaza sauti, na humo chetezo hakina kazi kwa sababu hakuna pua inayoshindana na spika. Wengi wanajipulizia chupa za dukani. Kwa upande mwingine, Wazanzibari waliohamia Omani na nchi za Ghuba baada ya Mapinduzi ya 1964 walikuta huko desturi ya udi iliyo hai kuliko walivyoiacha, na jamaa zao wakija likizo huja na vipande katika mizigo. Huko Wawi, Pemba, kuna kiwanda cha Shirika la Biashara la Zanzibar kinachochemsha makonyo ya karafuu kwa mvuke ili kupata mafuta, na husindika pia mdalasini, mkaratusi na mchaichai. Visiwa vya Komoro navyo vimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa mafuta ya langilangi duniani. Si ajabu basi ikiwa tone lililo ndani ya kile kifaa cha umeme, katika sebule ya Kampala, lilianza safari yake katika ua la nyumba ya Mswahili.

Muhula huu tulifanya jaribio dogo na wanafunzi wa mwaka wa pili. Tulipata chetezo cha udongo, udi wa kupika kidogo kutoka Mombasa na rekodi za taarabu ya zamani. Nusu ya darasa ilisoma maelezo ya jioni ya nyumba ya pwani katika kitabu. Nusu nyingine ilikaa chini, ikafumba macho, ikasikia. Kisha wote waliandika aya moja. Hatukuhesabu alama wala hatudai kwamba huo ni utafiti. Tunaripoti tu kwamba kundi la pili liliandika kwa vitenzi zaidi na kwa vivumishi vichache, na kwamba binti mmoja, ambaye tangu mwaka wa kwanza hakuwa amesema Kiswahili darasani isipokuwa akiulizwa, aliinua mkono na kueleza kwa dakika nzima jinsi bibi yake alivyokuwa akivukiza vibuyu vya maziwa huku akiimba kwa sauti ya chini. Aliposhindwa kupata neno la nyasi zile kwa Kiswahili aliliacha katika lugha yake, na hakuna aliyemkatiza.

Chetezo hicho kimewekwa katika kabati la idara, rafu ya chini, karibu na kamusi. Mwalimu anayetaka kukitumia aje na makaa yake, na afungue madirisha, kwani wenzetu wa Jiografia wameshalalamika mara mbili.